Mabalungi Sita

Kaja na kikapu cha ukindu, Mzee Mntangi,
basi la alfajiri kutoka Muheza,
ndani mabalungi sita,
yameoshwa, yamepanguswa, moja bado lina jani.
"Haya yako, mwanangu. Wewe ndiye ulonishika mkono."
Nami mkono wake nikauona unatetemeka.

Nilikuwa ndio kwanza natoka chumba cha kioo,
glovu mbili kila mkono, pumzi nyuma ya barakoa,
nikimchanganyia Saumu wa barabara ya kumi na nne.
Miaka saba. Kilo kumi na tisa na nusu.
Wiki iliyopita zilikuwa ishirini.
Nusu ile nimeipigia hesabu mara tatu,
maana sumu hii haisamehe nukta iliyoteleza.
Asili yake ni kimaua cha rangi ya waridi,
kile kinachoota bila mwaliko kwenye ufa wa ukuta wetu.
Mbuzi wa Bombo hupita wasikiguse.
Mbuzi wanajua tu.
Mimi ilinibidi nisome miaka sita.

Majibu ya damu ya Mzee: kumi na tisa.
Yalitakiwa yasivuke kumi.
"Umezidisha dawa?"
Akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne:
saa mbili, saa mbili, tiki za peni ya bluu,
siku arobaini, hakuna iliyorukwa.
"Figo kanipa dada yangu Mwanamkuu. Niichezee?"

Tanga, wasemao husema, waja leo waondoka leo.
Figo ile imekuja. Kazi yangu, isiondoke.
Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe;
huyu alishika jembe siku ile ile, mezani,
kabla uzi wa mwisho haujakatwa,
na bado mwili, mwenyeji asiye haya,
kila usiku unaitisha kikao cha kumfukuza.
Vidonge huingia kikaoni vikasema taratibu.
Vikinong'ona mno, mgeni anatolewa nje.
Vikipaza sauti, nyumba nzima inatikisika,
kama mkono huu juu ya dirisha langu.

Ndipo nikakitazama kikapu.

"Mzee, haya unakula?"
"Kila asubuhi, moja zima. Mti aliupanda mama.
Si mlisema nile matunda?"
Tulisema.
Mimi ndiye niliyesema, kwa kinywa hiki.
Sikusema lipi.

Nikamweleza: tumboni na inini mna bawabu,
kila kidonge hukikata ushuru kabla hakijapita.
Balungi humlaza bawabu usingizi,
dawa ikapita yote, bila kuhesabiwa.
Akasikiliza, kidole kikizunguka ukingo wa kikapu.
"Na danzi?"
"Danzi pia hapana."
"Chungwa?"
"Chungwa kula."
"Basi Muheza tumeokoka," akasema, akacheka,
kisha akaacha kucheka.
"Na mti, niukate?"
"Mti una kosa gani? Uza sokoni."

Nikampigia Daktari Semkiwa. Dozi ikashushwa,
damu ipimwe tena Alhamisi.
Kwenye karatasi yake, chini ya tiki za bluu,
nikaandika kwa herufi kubwa kile ambacho
ningekiandika siku arobaini nyuma.

Zawadi hairudishwi. Kuipeleka wodini sikuweza,
kwa Saumu nako bawabu ni yule yule.
Jioni nikakifunga kikapu kwenye baiskeli,
nikakanyaga hadi Ngamiani, mashimo yote nikiyakwepa
kana kwamba nimebeba mayai.

Nimemenya moja, lile lenye jani.
Chungu kwanza, halafu utamu unaochelewa.
Nimeunyoosha mkono wangu chini ya taa,
nikautazama kwa muda.
Umetulia.

Saa mbili kamili.
Muheza kuna mtu anatafuta peni yake ya bluu.